Kumhamishia Bibi Namkunda Winguni

Mtu anayevaa koti la suti mjini Same, mwezi wa pili, ama anazika ama anauza kitu. Tadei Mmbando, meneja wa uhamisho wa kampuni ya Wingu Tulivu, asubuhi ile alikuwa na shughuli zote mbili, ila ya kuzika alikuwa bado hajaambiwa.

Aikande Temu alimtazama akishuka kwenye gari, vumbi likimpokea kama mgeni rasmi, jasho likimchuruzika toka utosini utadhani kuna mtu kamfungulia bomba. Yeye Aikande, fundi wa kampuni hiyohiyo, alikuwa amebeba sweta. Mmbando akaliona lile sweta, akacheka.

"Binti, unaumwa?"

"Hapana, bosi. Nina akili."

Wakashuka ngazi chini ya ghala la zamani la katani. Ngazi za juu zilikuwa na joto la Same, za katikati zikaanza kuona haya, na walipofika chini meno ya Mmbando yakawa yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Mbele yao seva zilisimama safu kwa safu, zikikonyeza taa. Humo ndimo walimokuwa waliohifadhiwa, marehemu wa milima yote ya Upare, kila mmoja amesomwa kichwa kabla pumzi haijakata na kuwekwa ndani ya mashine pepe yake. Ukitaka kuielewa mashine pepe, fikiria nyumba ya kupanga: seva ndiyo nyumba, umeme ni mmoja, feni ni moja, lakini kila mpangaji ana chumba chake, kufuli lake na kelele zake.

Mlangoni palikuwa na kibao: KILA NENO LISEMWALO HUMU HUREKODIWA NA NI USHAHIDI. Mmbando alikipita bila kukisoma. Wakubwa hawasomi vibao. Vibao ni vya watu wa chini.

Kwenye meza ya mwisho palikuwa na spika na kioo ambacho hakikuonyesha kitu ila mstari mmoja wa kijani. Wengine walikubali kuwekewa sura. Bibi Namkunda Mfinanga alikataa. Alisema sura yake waliizika Usangi pamoja naye, na Mpare hanunui kitu mara mbili.

"Nani huyo ananukia ndizi?" spika ikauliza.

"Ni mimi, maiti wewe," Aikande akajibu, akivaa sweta. "Bado hujaoza tu?"

"Nitaozaje na mmenifungia kwenye friji kama soda ya sikukuu? Umekuja kuiba nini leo, Mchaga?"

"Kwa Mpare? Nitaiba nini, maharage ya kuhesabu?"

"Yahesabu basi, ujifunze hesabu isiyo ya duka."

Mmbando alibaki mdomo wazi. Jina alikuwa nalo la kaskazini, lakini alikulia mbali, na hakuna aliyemwambia kuwa Mchaga na Mpare ni watani tangu enzi za mababu. Kwamba hapo hakuna aliyetukanwa, ila watu wawili wamejuliana hali. Aikande hakuwahi kumpa Bibi Namkunda shikamoo hata siku moja. Aliwahi kujaribu, wiki yake ya kwanza kazini, Bibi akamkatiza: "Ishike mwenyewe. Shikamoo ya Mchaga ina riba."

"Shikamoo, Bibi," Mmbando akasema, kwa sauti ya kwenye matangazo.

"Marahaba. Aikande, huyu aliyevaa koti ni maiti mpya? Mbona mmemleta kabla hajakauka?"

Mmbando akakohoa. Kisha akaanza hotuba yake. Mitambo ya kupoza imechoka. Mwenye ghala anataka ghala lake. Ijumaa jioni umeme wa chini unakatwa, na kabla ya hapo kila aliyehifadhiwa awe amepanda Winguni, kwenye seva za kampuni zilizoko mbali, kwenye nchi ya baridi, ambako hakuna vumbi wala feni ya kukwama. Alitumia neno "safari" mara nyingi mno. Alitumia "suluhisho" kama watu wengine wanavyotumia chumvi.

"Wewe koti," Bibi akamkata. "Unataka kunihamisha. Kwa njia gani?"

"Ni mambo ya kitaalamu kidogo, Bibi..."

"Nimeendesha kesi mahakamani nikiwa hai, naendesha kesi nikiwa maiti. Nijaribu."

Mmbando akamgeukia Aikande, kama mume anavyomgeukia mkewe pindi mgeni anapouliza chakula kiko wapi.

Aikande akavuta kiti. "Njia ziko tatu. Ya kwanza, Beba Kama Ilivyo. Tunakuzima, tunanakili chumba chako chote pamoja na kunguni wake, tunakipeleka kule, tunakuwasha."

"Kunizima. Kama alivyozimwa Senzighe?"

Aikande akainamisha kichwa. Mzee Senzighe alikuwa jirani wa Bibi kwenye seva ileile, mashine ya zamani kama ya Bibi, za mwanzo kabisa. Walimzima mwezi uliopita, wakambeba vizuri, wakamwasha kule. Tangu hapo anataja jina la mbuzi wake. Basi, hilo tu. Ukimwuliza habari, anakutajia mbuzi.

"Mashine zenu za mwanzo hazikutengenezwa zizimwe," Aikande akasema. "Baadhi huamka. Baadhi huamka nusu."

"Nimekufa mara moja, inanitosha. Ya pili?"

"Jenga Upya!" Mmbando akadakia, macho yakimng'aa. "Bibi, hii ndiyo ninayokushauria. Mtambo unasoma maneno yako yote uliyowahi kusema, halafu unakujenga mpya kabisa, mwepesi, uliyezaliwa hukohuko Winguni. Hakuna mizigo ya zamani."

"Mizigo ya zamani ni ipi?"

"Yale... yasiyo ya lazima."

"Ya tatu, Mchaga."

"Nakala Fuatishi. Hatukuzimi. Tunakunakili ukiwa macho, na kila unachowaza huku kinafuata kule papo hapo, mpaka wa huku na wa kule mnakuwa sawa kama maji ya bilauri moja yaliyomiminwa kwenye mbili. Halafu tunafunga mlango wa huku na kufungua wa kule."

"Na aliyebaki nyuma ya mlango?"

Aikande akashika zipu ya sweta lake, akaipandisha, akaishusha.

"Hiyo ni gharama kubwa," Mmbando akasema haraka. "Laini nzima inashikwa siku kadhaa kwa mtu mmoja. Kampuni haipendekezi."

"Sikukuuliza wewe," Bibi akasema.

*

Siku ya pili yake, juu, ofisini, penye kiyoyozi na maua ya plastiki, Mmbando alimkaribisha mtoto wa Bibi Namkunda, mzee Elinihaki Mfinanga. Alikuwa mwanamume wa makamo, tumbo limetangulia, simu mbili mkononi. Huyu ndiye aliyeshtakiwa na mama yake. Kule Usangi ukoo una ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, lililochimbwa na watu ambao hata majina yao yamesahaulika. Elinihaki alitaka kuliuza kwa watengeneza maji ya chupa. Mama akakataa. Elinihaki akangoja afe. Mama akafa, akahifadhiwa, akafungua kesi.

Ni Wapare peke yao wanaoweza kufanya hivyo, Aikande aliwaza. Mchaga akifa anapumzika, kwa sababu amechoka kutafuta.

Sheria ya Waliohifadhiwa ilikuwa wazi: kesi ya marehemu inaendelea maadamu ni yeye yule. Na kuhamisha kwa njia yoyote ile kulihesabiwa kuwa ukarabati, kama kubadilisha bati. Kwa ukarabati, ridhaa ya ndugu mmoja inatosha. Ndiyo maana Elinihaki alikuwa ameletewa chai na maandazi.

"Tumemjenga wa majaribio," Mmbando akasema. "Karibu umwone mama."

Kioo kikawaka. Akatokea bibi mmoja mnene wa kupendeza, kilemba cha kitenge, mashavu kama maandazi yale ya mezani. Akatabasamu kabla hata hajaulizwa.

"Karibuni, wanangu."

Elinihaki akashika kifua. "Mama!"

"Fundi," Mmbando akasema kwa furaha, "mjaribu. Vipimo vyote ni kijani."

Vilikuwa kijani kweli. Tarehe za kuzaliwa, majina ya wajukuu, mapishi ya makande, wimbo wa kwaya wa mwaka aliobatizwa. Mtambo ulikuwa umekusanya kila kitu. Aikande akasogea karibu na kioo.

"Eti, Mpare. Ulikufa kwa ugonjwa, au ulikufa ulipoambiwa jeneza linanunuliwa?"

Bibi wa kwenye kioo akatikisa kichwa kwa upole. "Asante kwa mchango wako, binti yangu. Kila kabila lina uzuri wake."

Aikande alihisi baridi, na safari hii sweta lilikuwa juu ya kiti. Akajaribu tena. "Nasikia ulimshitaki jirani kwa sababu ya kuku, ukauza ng'ombe kulipa wakili."

"Sisi sote hukosea. La muhimu ni kusameheana."

"Mama," Elinihaki akanong'ona, "na lile suala la ndiva?"

"Fanyeni mnavyoona inafaa, wanangu."

Elinihaki akafuta macho kwa mkono wenye simu. Na mwenzangu, usidhani ni machozi ya kuigiza. Alikuwa analia kweli. Maisha yake yote alikuwa akimwota mama wa namna hii. "Amebadilika," alisema. "Mungu amembadilisha."

"Si Mungu," Aikande akasema. "Ni orodha ya kasoro. Bosi, mliandika hasira ni kasoro?"

"Matusi, binti. Tuliondoa matusi tu. Nani anataka kutukanwa na marehemu?"

"Mimi," Aikande akajibu.

Mmbando akacheka, akamkabidhi kibao cha kusainia. Fundi wa zamu ndiye anayeweka kidole gumba kuthibitisha kuwa aliyejengwa ni yuleyule. Bila kidole chake, mtambo haufuti wa zamani. Aikande akaweka mikono mifukoni.

"Ijumaa," alisema. "Leo kidole changu kina mafuta ya maandazi."

*

"Kwa hiyo wamenitengenezea mjinga," Bibi Namkunda akasema chini, alipokwisha kusimuliwa. "Ana kilemba?"

"Cha kitenge."

"Sijawahi kufunga kilemba maishani mwangu. Na Elinihaki kalia?"

"Kalia."

Mstari wa kijani ukanyooka kwa muda. "Mtoto niliyemzaa mimi mwenyewe," alisema, "akaona sanamu, akalia kwa furaha. Alikuwa hivyohivyo tangu utoto. Ukimpa pipi anasahau aliyempiga."

Feni zilikuwa zinakoroma. Moja ilikuwa inagonga, taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kufunguliwa.

"Haya, niambie hii ya tatu," Bibi akasema. "Na usinipake siagi. Wewe si koti."

Aikande alikuwa ameshajiandaa kwa mizaha. Mizaha yote ikamkimbia. "Wa kule ataamka akikumbuka kila kitu mpaka sekunde ya mwisho. Atakumbuka hata haya tunayozungumza. Atajiona ni wewe."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki hapa. Mlango umefungwa, huna pa kwenda. Sheria hairuhusu wawili. Halafu... halafu mimi nakufuta."

"Wewe kwa mkono wako."

"Kwa kidole changu."

"Nitajua?"

"Utakuwa macho. Ndivyo njia ilivyo. Nikikuzima kwanza, tumerudi kwa Senzighe."

"Yule wa kule akisema 'mimi ni Namkunda', atakuwa anasema uongo?"

"Sijui, Bibi."

"Ulisomea miaka mingapi?"

"Ya kutosha kuijua mashine. Hilo unaloniuliza hawakulifundisha. Mwalimu alisema, usimpe mteja jina, mwite mzigo."

Bibi akacheka. Alikuwa na kicheko kibaya, kicheko cha mtu aliyeshinda rufaa. "Mzigo! Afadhali koti. Sikiliza, Mchaga. Njia ya kwanza inanirudisha na akili ya mbuzi. Ya pili inaweka mwanamke mwingine kwenye kiti changu. Ya tatu inaniua na kunizaa siku moja. Hamna njia, nyie. Mna aina tatu za jeneza, na mnauliza nataka kitasa cha rangi gani."

"Ndiyo."

"Angalau umekubali. Yule angesema 'safari'. Hii ya tatu, wa kule atakuwa na ulimi?"

"Wote."

"Na kesi?"

"Na kesi."

"Basi ndiyo hiyo. Ila hawatakubali, siyo? Wanasema ni ukarabati. Ridhaa ya mtoto imeshapatikana kwa maandazi."

"Laini naweza kuishika," Aikande akasema. "Naanza kukunakili leo, kimyakimya. Nakala ya tahadhari haihitaji ruhusa ya mtu. Lakini Ijumaa wakija kukufuta kwa ajili ya yule wa kilemba, sina la kuwazuia. Nisiposaini mimi, wataleta kidole kingine. Vidole viko vingi."

"Wewe ni nani wangu?"

"Mimi? Fundi wako."

"Mpumbavu. Nimekuuliza, wewe ni nani wangu?"

Aikande akaitazama spika. Kisha taratibu, kama mtu aliyekumbuka alipoficha ufunguo, akaanza kutabasamu.

*

Ijumaa, jua likiwa utosini, Mmbando na Elinihaki walishuka ngazi. Mmbando alikuwa na koti lake na, safari hii, sweta ndani yake, mtu hujifunza. Elinihaki alikuwa amevaa shati jeupe la kwenda kanisani.

Hawakupita mlangoni. Aikande alikuwa amelala kizingitini, chali, kaniki nyeusi kiunoni, majivu usoni, kifuani ameweka sufuria tupu. Alipowaona akaanza kuomboleza kwa sauti ya kukwaruza, akiigiza sauti ya Bibi Namkunda:

"Uuuwi! Nimekufa mie, Namkunda! Nani atamshitaki jirani? Nani atahesabu maharage? Elinihaki mwanangu, usinizike na sufuria, sufuria bado zima!"

"Hiki ni nini?" Mmbando akauliza.

Elinihaki alikuwa amesimama na mguu mmoja juu, kama kuku kwenye matope. Alikuwa mtu wa simu mbili, lakini alizaliwa Usangi, na mambo mengine huwekwa kwenye mifupa kabla hujaota meno. Kwenye msiba, mtani hulala mbele ya kaburi. Huigiza marehemu, hudhihaki wafiwa, huzuia jeneza mpaka apewe anachotaka. Na hakuna mfiwa, hata awe mlevi, anayemruka mtani aliyelala. Ukimruka, wanasema, msiba unakufuata nyumbani na kukaa sebuleni.

"Mruke tu, mzee," Mmbando akasema. "Tuna ratiba."

"Siwezi."

"Ni binti kalala chini!"

"Huelewi, wewe." Jasho lilikuwa linamtoka Elinihaki kwenye baridi ile. Akachuchumaa, akashusha sauti, akambembeleza kwa adabu yote aliyofundishwa na bibi zake: "Mtani, tafadhali. Tuondolee mkosi. Tuache wafiwa tumzike mama yetu, halafu sema unachotaka, tutakupa."

Ndani, spika ikapasuka kwa sauti.

"AMEKIRI!"

Mmbando akaruka. Koti likamvuka bega.

"Amekiri!" Bibi Namkunda akarudia, na ungesikia utamu ulivyomjaa mdomoni, mdomo ambao hakuwa nao. "Tuache wafiwa tumzike mama yetu. Maneno yake, mbele ya shahidi, masikioni mwa chumba kinachorekodi. Wewe koti, soma kibao cha mlangoni. Soma kwa sauti, nilisikie Kiswahili chako."

Mmbando akageuka na, kwa mara ya kwanza, akakisoma. Hakukisoma kwa sauti.

"Bati halina wafiwa," Bibi akaendelea. "Bati halizikwi. Kama kuna maziko, kuna kifo. Na kama kuna kifo, sheria yenu wenyewe inasema anayekufa ndiye anayechagua namna. Ukarabati unataka ndugu. Kifo kinamtaka mwenyewe. Elinihaki!"

"Naam, mama," Elinihaki akajibu kabla hajafikiri.

"Mama wa kilemba angekupa pipi. Mimi nakupa nafasi ya kuwa mfiwa. Kaa chini. Wafiwa hawasimami."

Elinihaki Mfinanga, na shati lake jeupe, akakaa kwenye sakafu ya saruji.

Mmbando alijaribu. Mpe haki yake, alijaribu. Alisema ni mila tu, alisema mahakama haitakubali, alisema atapiga simu makao makuu. Aikande, akiwa bado chali, akamwambia apige. Na akiwa hapo awaeleze pia kwamba katika ghala hili kuna marehemu wengi, wote Wapare, wote wanasikiliza, na kila mmoja ana mtani mahali. Kutoka kwenye seva zote, safu kwa safu, spika zikaanza kucheka. Senzighe tu hakuwamo. Senzighe alikuwa Winguni na mbuzi wake.

Mmbando akashusha simu. Akavua koti, akalikunja vizuri, akakaa nalo mapajani. Bila koti alikuwa mtu mdogo tu, mwenye mikono myembamba.

"Anachagua nini?" akauliza.

"Nakala Fuatishi," Bibi akasema. "Na mtani wangu ndiye atakayenizika. Si kidole kingine."

Aikande akaacha kucheka. Hilo hawakuwa wamelizungumza.

*

Nakala ilikuwa tayari. Mistari miwili ya kijani ilikwenda pamoja kwenye kioo, mmoja wa huku na mmoja wa kule, kama nyayo za mtu mmoja anayetembea akijitazama kwenye maji. Aikande akafunga mlango wa huku. Mistari ikaachana. Kidogo tu mwanzoni. Mmoja ukapanda, mwingine ukashuka. Kuanzia hapo walikuwa wawili.

"Wa kule kaamka?" Bibi akauliza.

"Kaamka. Bado sijamfungulia sauti."

"Na mimi bado nipo."

"Bado upo."

"Basi ni kweli, nimebaki nyuma. Nilikuwa najidanganya kwamba labda nitajikuta kule." Mstari ukatetema. "Unajua, mtu anajua jambo, halafu anakuja kulijua."

Aikande alikuwa na majivu usoni, na majivu yalikuwa yanalowa. Elinihaki, sakafuni, alikuwa amefunika uso kwa mikono.

"Naweza kukuacha," Aikande akasema. "Mpaka umeme wakate wenyewe. Nikatoka nje. Nikasema nilisahau."

"Nizimike gizani, peke yangu, feni ikigonga? Mchaga, hata kuua mnataka kufanya kwa mkopo." Kisha sauti ikalainika, kidogo sana, kama embe la jana. "Nitukane. Usiache kunitukana. Ukinyamaza nitajua umebonyeza."

Basi Aikande akamtukana. Alimtukana kwa maharage na kwa mbuzi, kwa kuku na kwa wakili. Alimwambia kwamba kaburi lake la Usangi limejaa mawe kwa kuwa hata udongo ameukatalia. Alimwambia kwamba huko mbinguni atamshitaki Petro kwa mpaka wa geti. Bibi akawa anajibu, tusi kwa tusi, akicheka, na wa spika nyingine wakawa wanashangilia. Na katikati ya tusi moja, la kuhusu jeneza na bei yake, Aikande aliweka kidole.

Alimalizia lile tusi. Hapakuwa na wa kulijibu.

Elinihaki ndiye aliyepiga ukunga. Ulikuwa wa kweli, na kwa mara ya kwanza maishani mwake haukumletea pipi.

Baadaye, nje, kwenye jua lile la kukaanga, Aikande alikaa kwenye ngazi za ghala na simu mkononi. Mmbando alikuwa ameshaondoka. Koti alilisahau juu ya seva. Aikande akaifungua sauti ya kule.

"Nani huyo ananukia ndizi?" simu ikauliza.

Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Ni mimi, maiti wewe. Huko Winguni kuna harufu?"

Simu ikakaa kimya.

"Bibi?"

"Nakumbuka mpaka mlango ulipofungwa," sauti ikasema. "Baada ya hapo sijui. Yule aliyebaki. Alisema nini?"

"Alisema nimtukane."

"Ukamtukana?"

"Mpaka mwisho."

"Aliogopa?"

Aikande angeweza kusema hapana. Mama wa kilemba angefurahi kuambiwa hapana. "Kidogo," alisema. "Alipogundua amebaki."

Gari likapita barabarani, vumbi likasimama, likakaa.

"Alikuwa macho, ana kesi mahakamani, ana mtoto sakafuni, na ukamfuta," Bibi Namkunda akasema. Hapakuwa na kicheko. "Hata kama aliomba. Hata kama mimi ndiye niliyeomba. Kuna mtu hayupo, na lazima mtu aulizwe. Mtani hashitakiwi, hiyo ni mila, naijua. Kwa hiyo leo nakuvua utani, Aikande Temu. Ukishajibu mahakamani, nitakurudishia."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake lote. Aikande akaiangalia simu, akatafuta tusi, kuku, maharage, jeneza, chochote. Hakuna lililokuja. Alijua sasa, bila kipimo cha kijani wala kidole cha mtu, ni nani yuko upande wa pili. Na alijua kuwa shitaka ni la haki.

Akasimama, akavua sweta, akainamisha kichwa pale juani, peke yake, kama mtoto aliyefundishwa adabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," Bibi akasema. "Tafuta wakili. Na asiwe Mchaga."